Geuza Kikombe Kwanza: Namna ya Kutambua Tiki ya Zamani kwenye Maduka ya Mitumba Marekani

Si ajabu kukuta, kwenye rafu ya vikombe ya duka la mitumba Marekani, kikombe cha tiki, yaani kikombe kirefu cha kauri chenye uso wa sanamu: macho yamekodolewa, meno nje, rangi ya kahawia imechuruzika hadi chini. Kibandiko cha bei kinasema dola 3. Huenda kilitengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mgahawa ambao leo haupo, na mkusanyaji yuko tayari kukilipia mara thelathini ya bei hiyo. Huenda pia kilitoka kiwandani China juzijuzi kwa ajili ya sherehe za bustanini, na hizo dola 3 ni bei yake halali kabisa. Ukivitazama kwa mbele vinafanana. Tofauti iko kwenye kitako, na anayejua kukisoma kitako habahatishi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Vitu hivi si sanaa ya Polinesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Tiki zenyewe ni sanamu za watu wa Visiwa vya Marquesas, Wamaori wa New Zealand na jamaa zao wa Pasifiki, na zina uzito wa kidini na wa ukoo. Tiki ya vikombe na menyu, yaani mtindo wa baa na migahawa ya kuigiza visiwa, ni zao la Marekani. Ilianzia Hollywood mwaka 1933, Ernest Gantt alipofungua baa ndogo iliyojaa mianzi na nyavu, akajiita Don the Beachcomber na kuuza vinywaji vya ramu vyenye majina ya kutisha. Mwaka uliofuata Victor Bergeron alifungua mgahawa Oakland, California, ambao baadaye aliubatiza Trader Vic's. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikapeleka vijana wengi wa Kimarekani Pasifiki, na wengi walirudi na hamu ya visiwa, hata kama walichokiona huko kilikuwa matope na mabomu. Hawaii ilipofanywa jimbo Agosti 1959, hamu hiyo ikawa biashara kamili. Mgahawa wa Mai-Kai ulikuwa umeshafunguliwa Fort Lauderdale, Florida, mwaka 1956. Kahiki ilifuata mwaka 1961 huko Columbus, Ohio, mji ambao siku hizi una jamii kubwa ya watu wa Afrika Mashariki. Mai-Kai ipo hadi leo. Kahiki ilibomolewa mwaka 2000 ili pajengwe duka la dawa.

Hapo ndipo ilipo siri ya bei. Kinacholipiwa ni mgahawa, si udongo. Mteja alikuwa akinunua kinywaji pamoja na kikombe, au anakitia kwenye mkoba mhudumu akigeuka, na kikombe kikabaki kabatini miaka hamsini. Mgahawa ukifa, idadi ya vikombe vyake haiongezeki tena. Ndiyo maana kikombe cha sura ya kawaida kabisa chenye jina la mgahawa wa mji mdogo kinaweza kushinda kwa bei kikombe kizuri zaidi kisicho na jina.

Kusoma kitako

Ukikishika kikombe, kigeuze kabla hujavutiwa na uso. Tazama kitako, halafu tazama mgongo, chini karibu na ukingo, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliweka alama huko.

Kundi la kwanza ni vikombe vya migahawa yenyewe. Jina la mgahawa, na pengine la mji, limechongwa ndani ya kalibu ili litokeze kwenye udongo, au limepigwa chapa chini ya rangi ya kung'aa. Jina lililo chini ya rangi haliwezi kukwaruzwa kwa ukucha. Likikwaruzika liliandikwa baadaye, na hapo uliza maswali. Vyombo vya Trader Vic's vya zamani mara nyingi vina chapa ya TEPCO, kiwanda cha vyombo vya mahoteli kilichokuwa El Cerrito, karibu na Oakland, kikafungwa mwaka 1968. Ni kauri nzito, nene, iliyotengenezwa ivumilie jikoni la biashara. Kiwanda hicho kilikuwa kikitupa vyombo vyake vilivyoharibika ufukweni, na hadi leo pwani ya Point Isabel imejaa vigae vyake.

Kundi la pili ni vikombe vya waagizaji, na ndivyo utakavyovikuta zaidi. Majina mawili yanatosha kwa kuanzia. Otagiri, kampuni ya San Francisco, iliagiza kutoka Japani vikombe vyenye chapa ya OMC (Otagiri Mercantile Company). Vingi vilibandikwa kilebo kidogo cha karatasi inayong'aa ambacho kilitoka mara ya kwanza kuoshwa, kwa hiyo kikombe kisicho na alama yoyote si lazima kiwe kipya. Mwingine ni Orchids of Hawaii, ambaye pamoja na jina hilo alikuwa na makao Bronx, New York. Huyu aliuzia migahawa ya Kichina na ya Kipolinesia kwa katalogi, na vikombe vyake hubeba jina la kampuni, neno Japan na namba inayoanza na herufi R. Kwa sababu mgahawa wowote ungeweza kuagiza kutoka kwenye katalogi ileile, sura moja hupatikana ikiwa na majina kumi tofauti mgongoni, au bila jina. Kile kisicho na jina ni cha bei nafuu, na kwa anayeanza kukusanya ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Kundi la tatu huwapoteza wengi. Katika miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani wengi walikuwa na mazoea ya kumimina udongo wao wenyewe kwenye kalibu za kununua, wakapaka rangi na kuchomewa katika tanuru la mtaani. Kitako cha kikombe kama hicho kina herufi za jina na mwaka, vimekwaruzwa kwa mkono. "M.K. 1971" si alama ya msanii maarufu. Ni cha zamani kweli, lakini thamani yake ni ya pambo.

Kundi la nne ni vikombe vya ufufuo wa tiki, yaani vipya vilivyotengenezwa mtindo huu uliporudi. Tiki Farm ilianza California mwaka 2000, na baadhi ya vikombe vyake vilivyotolewa kwa idadi maalumu vinasakwa sana. Vina alama wazi, kwa hiyo havikudanganyi. Accoutrements ya Seattle ilitoa vya bei rahisi kwa wingi. Jina hilo ukiliona, lipa dola chache kama umekipenda na usitegemee faida.

Nchi nayo inasema mengi. Marekani ilizuia biashara na China kuanzia mwishoni mwa 1950 hadi 1971, kwa hiyo kikombe kilichoandikwa Made in China hakiwezi kuwa kilinunuliwa kihalali Marekani mwaka 1962, hata muuzaji akiapa kuwa kilikuwa cha babu yake. Maneno Made in Occupied Japan (Japani iliyokaliwa kijeshi) yanakuweka kati ya mwisho wa vita na 1952. Alama ya kuruhusu maikrowevu au mashine ya kuoshea vyombo inakutoa kwenye enzi ya dhahabu ya tiki moja kwa moja.

Nakala, na kwa nini huwa ndogo

Vikombe hivi havifinyangwi kwa mkono. Udongo uliolainishwa kwa maji mpaka ukawa kama uji humiminwa ndani ya kalibu ya plasta. Plasta hunywa maji, tabaka la udongo hushika kuta, na ule wa katikati humwagwa. Udongo unapokauka na kuchomwa husinyaa, kwa kawaida kwa karibu asilimia 10, kutegemea aina yake.

Sasa chukulia mtu ana kikombe cha asili chenye urefu wa sentimita 16 na anataka kukigushi. Atatengeneza kalibu juu ya kikombe hicho. Kalibu itakuwa ya sentimita 16, lakini kikombe kitakachotoka humo kitasinyaa hadi sentimita 14 na nusu hivi. Mistari ya uso itakuwa imefifia pia, kwa kuwa kalibu ilichukuliwa juu ya rangi iliyokwisha kujaza mifereji. Kwa hiyo tembea na futi ya kupimia mfukoni, na kwa kila kikombe unachokitafuta jua urefu wake kutoka kwenye picha za wakusanyaji. Kupungukiwa milimita mbili ni kawaida ya tanuru. Kupungukiwa sentimita moja na nusu ni nakala.

Karatasi hazidanganyi

Vibiriti vya karatasi, menyu, kadi za posta na vijiti vya plastiki vya kukorogea vinywaji hudharauliwa na wengi, na hapo ndipo bei huwa nzuri. Isitoshe, karatasi hutaja umri wake waziwazi kuliko kikombe.

Chukua kibiriti cha Trader Vic's. Fungua jalada usome miji yenye matawi. Kama Havana imo, una kitu cha kipindi kifupi sana: tawi la Havana lilifunguliwa mwaka 1958 katika hoteli ya Hilton, na serikali ya Castro ikaitaifisha hoteli hiyo mwaka 1960. Kama London imo, kibiriti ni cha 1963 au baadaye. Halafu tazama mahali pa kukwaruzia njiti. Pakiwa mbele, ni cha kabla ya katikati ya miaka ya 1970, kwani baada ya hapo pakahamishiwa nyuma kwa sababu za usalama. Kibiriti ambacho njiti zote zipo na hakijawahi kukwaruzwa kina bei nzuri zaidi.

Kwenye menyu, soma anwani. Msimbo wa posta wa tarakimu tano ulianza Marekani mwaka 1963. Kabla yake, kuanzia 1943, miji mikubwa iliandikwa na namba ndogo ya eneo baada ya jina la mji, kwa mfano San Francisco 11. Namba ya simu inayoanza na neno au herufi mbili pia inaelekeza miaka ya 1960 kurudi nyuma. Anwani ya Honolulu yenye T.H., yaani Hawaii ilipokuwa bado eneo tu, ni ya kabla ya Agosti 1959. Menyu moja inaweza kukupa dalili tatu kati ya hizi, na zikikubaliana huna haja ya mtaalamu.

Vitu vingine tuvipite haraka. Sanamu ndogo nyeusi za Coco Joe's za Hawaii zilitengenezwa kwa unga wa mawe ya volkano uliogandishwa kwenye kalibu. Ziko nyingi, zina jina na namba chini, na bei yake ni ndogo. Bakuli na sinia za mbao ya monkeypod huuzwa kama kumbukumbu ya Hawaii, ingawa nyingi zilichongwa Ufilipino. Samani za Witco za jimbo la Washington, za mbao iliyochongwa kwa nguvu na kuunguzwa kwa moto, ni jambo jingine kabisa: ukiona kiti chake kwa bei ya kiti cha kawaida, kaa juu yake hadi ulipe.

Wapi pa kutafuta na saa ngapi

Kuna njia mbili kuu, na kila moja ina kanuni zake. Maduka ya hisani kama Goodwill na Salvation Army hupokea vitu vya bure na kupanga rafu siku nzima, kwa hiyo kupita mara nyingi kwa dakika kumi kunashinda kupita mara moja kwa saa mbili. Usiishie kwenye vikombe. Mfanyakazi asiyejua kitu hicho ni nini hukiweka kwenye vasi, kwenye vyungu vya maua, kwenye mishumaa au kwenye mapambo ya bustani. Bakuli pana lenye kishimo kilichoinuka katikati, kama mlima wa volkano, mara nyingi huwekwa na vyombo vya saladi. Hilo ni bakuli la kunywea watu kadhaa kwa mirija mirefu, na kishimo ni cha ramu ya kuwashwa moto. Siku hizi maduka mengi huchuja vitu vizuri na kuviuza kwenye mtandao wa ShopGoodwill, hivyo rafu zimekonda kuliko zamani.

Njia ya pili ni mauzo ya vyombo vya nyumba nzima, yanayofanyika mwenye nyumba akifariki au akihamia kwenye makao ya wazee. Familia huajiri kampuni, kampuni hupanga kila kitu na kubandika bei, na watu huingia ndani ya nyumba kununua, kwa kawaida Ijumaa hadi Jumapili. Matangazo na picha huwekwa siku chache kabla kwenye tovuti kama EstateSales.net. Zikuze picha hizo. Usitazame kilichopigwa picha bali kilicho nyuma yake: kaunta ya mianzi kwenye chumba cha chini ya ardhi, sahani za santuri za Martin Denny, mpiga piano wa muziki wa kuigiza visiwa, maboya ya vioo, picha ya kijana aliyevaa sare ya jeshi la majini. Nyumba ya miaka ya 1950 iliyokaliwa na familia moja muda wote ina nafasi kubwa kuliko nyumba ya kifahari iliyobadilisha wenyewe mara tano.

Siku ya kwanza watu hupewa namba kabla ya mlango kufunguliwa, na huingia kwa makundi. Soma tangazo ujue namba zinatolewa saa ngapi na nani anazitambua, maana karatasi iliyobandikwa mlangoni na wanunuzi wenyewe huweza kupuuzwa na kampuni. Ukiingia, nenda kwanza baa, kisha chumba cha chini, kisha gereji. Vikombe vya tiki huishia kushika misumari, brashi za rangi na miswaki, kwa hiyo bafuni napo papitie. Unachokitaka kishike mkononi, kwani ukikiacha mezani ukaenda kufikiri hutakikuta.

Bei siku ya kwanza haishuki sana. Siku ya mwisho kampuni nyingi huishusha hadi nusu. Uamuzi ni wa hesabu tu: kitu chenye jina la mgahawa nunua siku ya kwanza, kitu cha katalogi kisubiri. Na kabla ya kukubali kuwa kitu ni cha dola 200, fungua eBay na uchague kuona vilivyokwisha kuuzwa. Bei anayoitaka muuzaji haina maana. Bei aliyolipwa ndiyo soko.

Hali ya kikombe

Pitisha kidole mdomoni mwa kikombe huku umefumba macho. Kidole hushika pengo ambalo jicho limeliruka. Kisha kigonge polepole kwa ukucha: kauri nzima hutoa mlio mwembamba, yenye ufa hutoa mlio mfu. Mulika tochi ndani uone kama kuna mstari unaoendelea hadi nje. Sehemu zinazoumia zaidi ni pua, nyusi na masikio. Ukiwa na tochi ndogo ya miale ya urujuanimno, imulike sehemu hizo gizani, kwa sababu gundi na rangi ya fundi wa ukarabati mara nyingi hung'aa tofauti na kauri inayozizunguka.

Mtandao wa nyufa ndogo juu ya rangi si ufa wa kikombe. Rangi na udongo husinyaa kwa viwango tofauti vinapopoa, na rangi hupasuka juu juu. Hupunguza bei kidogo tu, isipokuwa kama uchafu umeshaingia.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, basi. Mashine ya kuoshea vyombo huua rangi. Baadhi ya vikombe vilipakwa rangi ya ziada midomoni na machoni bila kuchomwa tena, na rangi hiyo hutoka na maji, hivyo jaribu kwanza kwa pamba yenye unyevu mahali pasipoonekana. Kilebo cha karatasi kikiwa bado kipo, usikiloweshe kabisa.

Mashati ya aloha yaliyofika Gikomba na Karume

Sehemu ya nguo zisizouzwa kwenye maduka ya hisani ya Marekani hufungwa marobota na kuuzwa nje, na Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozipokea. Shati la Hawaii ni kitu cha tiki kinachoweza kumfikia msomaji bila yeye kupanda ndege. Mengi ni ya polista ya juzi. La zamani lina dalili zake: kitambaa cha rayoni kizito kinachoteleza mkononi, vifungo vya kifuu cha nazi au mbao, na mfuko wa kifuani uliokatwa kwa ustadi hadi maua yake yanaendelea na maua ya shati bila kukatika. Mfuko unaovunja maua ni dalili ya fundi wa haraka.

Lebo ya ndani nayo ina tarehe zake. Sheria ya Marekani ilianza kudai lebo itaje aina ya nyuzi mwaka 1960, na maelekezo ya kufua yakawa lazima mwaka 1972. Shati lisilotaja nyuzi wala kufua, lenye lebo ya Hawaii iliyofumwa, lipekuliwe kwa makini, ila hakikisha lebo haikukatwa. Majina ya kukariri ni Kamehameha, Kahala na Alfred Shaheen. Usidanganywe na shati safi mno la mtindo wa zamani: Sun Surf ya Japani hurudufu michoro ya kale kwa ubora wa juu. Nalo lina wanunuzi wake, ila si la mwaka 1950.

Kunywea, na vya kutogusa

Rangi za kauri za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vinywaji vya tiki ni ndimu na nanasi kwa wingi, asidi ambayo huitoa risasi kwenye rangi. Kikombe ambacho hakijapimwa kiwe cha kupamba. Kwa kunywea, nunua cha ufufuo kinachouzwa kama chombo cha chakula.

Mwisho ni vya baharini. Baa za zamani zilipambwa kwa kasa waliokaushwa na vitu vya magamba ya ng'amba (aina ya kasa), na bado hujitokeza kwenye nyumba hizi kwa bei ya kuvutia. Ng'amba yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na nchini Marekani analindwa na sheria ya viumbe walio hatarini, hivyo kumuuza kutoka jimbo hadi jimbo au kumvusha mpaka kunaweza kukufikisha mahakamani. Plastiki ya kuiga magamba iko nyingi, lakini kwenye meza ya muuzaji si rahisi kuitofautisha. Ukiwa na shaka, kiache.